Hakimu, Mbwa wa Bi Nyuzi

Mke wa kinyozi alikuja siku ya Alhamisi, na kama walivyozoea watu wa uchochoro ule, hakugonga mlango. Aliinama dirishani akapunga mkono, maana kumgongea Bi Nyuzi mlango ilikuwa sawa na kuugongea ukuta. Bi Nyuzi alikuwa mezani, sindano mkononi, anarudishia suruali ya mtu iliyonaswa na msumari. Aliinua macho akamwona mwenzake na mtoto mgongoni, uso umemsawijika.

"Pita mwanangu, mlango u wazi."

Mgeni akaja kukaa upande wa kushoto, penye sikio lililobakiwa na uhai kidogo, akasema polepole ili midomo yake isomeke.

"Mama, nimekuja kukupa pole."

"Ya nini tena?"

"Tunakusikia. Unavyolia."

Bi Nyuzi aliichomeka sindano kwenye kitambaa isije ikapotea. "Nalia mimi?"

"Siku hizi ni kila siku. Saa tisa, saa tisa na kidogo hivi. Mume wangu kaniambia nisiingilie ya watu, lakini mtu mzima kulia peke yake kila siku, nikaona haifai kunyamaza."

"Mwanangu, mara ya mwisho mimi kulia ni siku niliyopewa barua ya kustaafu, na siku hiyo nililia kwa furaha."

Mke wa kinyozi hakucheka. Aliutazama mlango wa chumba cha nyuma, ambao siku zote ulikuwa umefungwa, kisha akamtazama mbwa aliyejilaza chini ya meza, kisha tena mlango. Midomo yake ikasema kitu kidogo sana, pengine bila hata sauti. Bi Nyuzi alikisoma vilevile:

"Basi ni nani?"

Jina la Bi Nyuzi lilitoka kiwandani. Alikuwa amefuma nguo miaka thelathini na mmoja, katika ukumbi wenye mitambo mia mbili inayopiga kwa pamoja kuanzia king'ora cha asubuhi hadi cha jioni, sakafu inatetemeka, vumbi la pamba linaelea kama ukungu. Masikio yake hayakufa kwa siku moja. Sauti zilimtoka mojamoja, kama wageni wanaoaga: kwanza ndege, halafu mvua juu ya bati, halafu sufuria inayochemka, mwisho sauti ya mumewe, ambayo yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba hakuikosa sana. Mume alikufa, mtoto wao wa kiume akaenda kuendesha mitambo ya barabara mbali huko, na Bi Nyuzi akabaki kwenye nyumba ya vyumba vitatu akirudishia nguo zilizotoboka, kazi anayoletewa na dobi. Alijua kuchomoa uzi kwenye pindo la koti na kuziba nao tundu la begani hata mwenye koti asijue pa kulitafuta.

Kitu kimoja kiwanda kilimpa badala ya masikio. Wafumaji wote walijifunza kusomana midomo, maana mle ndani hata ukipiga kelele husikiki. Walisengenyana kutoka mtambo hadi mtambo, hatua ishirini, bila kutoa sauti. Kwa hiyo Bi Nyuzi, akiwa dirishani kwake, aliweza kujua nani anamteta ng'ambo ya barabara na anamteta kwa lipi. Wengi walisahau hilo. Yeye hakuwakumbusha.

Na mbwa je? Huyo alifika mwaka juzi, ndani ya lori la mbao. Ndugu yake Bi Nyuzi, mdogo wake wa kiume, alikuwa mwindaji wa misituni, mtu asiyekaa mjini zaidi ya siku mbili bila kuumwa kichwa. Alipofariki, dereva wa lori alileta vitu vyake: koti, kisu, wavu wa kuwindia, na mbwa mwenye kengele ya mti shingoni.

"Huyu habweki, mama," dereva alimwambia, akisema kwa mdomo mpana kama watu wanavyosema na viziwi. "Ndugu zake wote hawabweki. Ndiyo maana wanafungwa kengele, ili mwindaji ajue mbwa wake yuko wapi huko majanini."

Bi Nyuzi aliifungua ile kengele siku hiyohiyo akamrudishia dereva. Kiziwi na kengele, wapi na wapi.

Alikuwa mbwa mdogo, anamfika magotini tu, mwepesi, kifua kimeshuka na tumbo limepanda kama mtu aliyevuta pumzi akasahau kuitoa. Manyoya yake yalikuwa mafupi, mekundu, yanang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Kifua kilikuwa cheupe, na miguu yote minne myeupe mpaka vifundoni, kana kwamba alipita kwenye unga akaona haya kurudi kujifuta. Mkia ulijiviringa juu ya nyonga, umekaza kama mkono wa kikombe. Masikio yalisimama wima, yamechongoka, hayakulala hata yeye mwenyewe alipolala. Na alipoyaelekeza mbele kusikiliza jambo, ngozi ya paji la uso ilijikunja mikunjo mitatu, minne, akawa na sura ya hakimu anayemsikiliza shahidi mwongo. Bi Nyuzi akamwita Hakimu, na jina likamkaa.

Tabia zake zilimshangaza mpaka akazizoea. Alijisafisha kwa ulimi kama paka: analowesha mguu, anaupitisha nyuma ya sikio, anarudia. Hakuwa na harufu. Mvua aliichukia, tone likimwangukia mgongoni alimtazama Bi Nyuzi kana kwamba ndiye aliyelimwaga. Alitembea akiinua miguu juu, kama farasi wa gwaride. Ukimwita, alikutazama kwanza, akaipima hoja yako, ndipo aje, au asije. Na wizi alikuwa nao wa kistaarabu: alifungua kabati la jikoni kwa kucha, akala siagi, akailamba sahani mpaka Bi Nyuzi akadhani aliiosha mwenyewe akasahau.

Lakini kilichowaunganisha ni macho. Mwenye macho haambiwi tazama, na wale wawili waliishi kwa kutazama. Macho ya Hakimu yalikuwa membamba kama mbegu za tikiti, meusi, yamekaa mbali yakiangalia mbali. Alisimama dirishani kwa miguu ya nyuma, ya mbele kwenye kizingiti, saa nzima bila kutikisika, kisha paka akikatiza mwisho wa uchochoro, pahali ambapo binadamu haoni hata mbuzi, Hakimu alikuwa keshatoka, na kilichobaki dirishani ni pazia linacheza. Mtu akija mlangoni, alimgusa Bi Nyuzi goti kwa mguu mmoja, mara moja tu, kwa heshima. Chungu kikichemka, goti. Siku moja alimgusa goti hapakuwa na mtu mlangoni wala chungu jikoni. Akamwongoza hadi kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akakaa chini mbele yake, akakunja paji.

Bi Nyuzi alidhani ni panya.

Tangu siku hiyo Hakimu alikwenda kukaa pale kila mchana. Jua likiingia kwenye dirisha la magharibi na kufika mguu wa meza, alinyanyuka popote alipokuwa, akaenda kukaa mbele ya mlango ule, mgongo umenyooka, masikio mbele. Baada ya muda, nusu saa pengine, alipiga miayo, akarudi. Bi Nyuzi hakuwahi kutazama saa wakati huo. Sasa, mke wa kinyozi alipokwisha kuondoka na pole zake, alitazama. Jua lilipofika mguu wa meza, mishale ilionyesha saa tisa na dakika tano. Hakimu akanyanyuka.

Bi Nyuzi akashika kazi yake, akakosa hata tundu la sindano.

Chumba kile kilikuwa cha mama yake. Mama, mwanamke mfupi, alilala humo miaka miwili, viuno vimekufa, akili nzima na ulimi mkali. Kwa kuwa binti hakusikia, walifungiana uzi: ncha moja kwenye mkono wa mama, ncha nyingine kwenye mkono wa Bi Nyuzi usiku anapolala. Mama akitaka kitu anavuta. Mchana uzi haukuwezekana, mtu hawezi kupika amefungwa kama mbuzi, kwa hiyo Bi Nyuzi alichungulia kila baada ya muda. Siku moja, miaka kumi na moja iliyopita, alikawia. Hakuwa mbali. Alikuwa jikoni, hatua sita kutoka mlangoni, anasugua sufuria iliyoungua, na sufuria ile ilimtia ukaidi, akasema haachi mpaka ing'ae. Alipoingia ilikuwa saa kumi kasoro. Mkono wa mama ulikuwa unaning'inia nje ya kitanda, kuelekea kwenye kikombe kilichokuwa kitupu.

Watu walimwambia kuwa mama alilala usingizi tu, hakuteseka. Naye angeliamini. Lakini siku ya maziko, ua umejaa watu, alimwona mke wa kinyozi, wakati huo bibi harusi mgeni aliyehamia mwezi uliotangulia, amesimama ng'ambo ya ua anasema na mumewe. Midomo ilisomeka vizuri kama maandishi ya ubaoni. "Aliita maji mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikasema mwanawe si yupo."

Bi Nyuzi aligeuza macho. Hakumwambia mtu, hata mwanawe. Alikifunga kile chumba, akakijaza viroba vya nyuzi na cherehani mbovu mpaka kitanda hakikuonekana. Na mke wa kinyozi akawa jirani mwema kupita wote: maji yakikatika anakuletea ndoo, ukiumwa anakufulia. Miaka kumi na moja waliamkiana vizuri, na jambo lile lilikaa kati yao kama mfupa ambao kila mmoja anajifanya hauoni.

Usiku wa Alhamisi ile Bi Nyuzi alilala huku taa inawaka. Asubuhi alimfunga Hakimu kamba akaenda naye kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye mikono mikubwa na chumba kinachonuka dawa ya kusafishia sakafu. Alipomwona Hakimu juu ya meza alitabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao.

"Umempata wapi huyu?"

"Urithi."

"Basi umerithi mzee kuliko sisi sote." Alimshika Hakimu kidevu, akamgeuza kushoto na kulia, Hakimu akavumilia. "Hawa ni wa kale mno, mama. Kuna michoro ya maelfu ya miaka, kwenye mawe ya makaburi ya wafalme, utakuta mbwa amekaa chini ya kiti cha bwana wake, masikio hivi, mkia hivi. Ukimweka huyu pembeni utasema ni yeye aliyechorwa. Watu wamebadilisha mbwa kwa kila namna, huyu hawakumgusa. Anafanya kazi ileile: kumtoa mnyama majanini na kumsukumia kwenye wavu."

Bi Nyuzi alisubiri amalize kisha akauliza lililompeleka. "Eti analia?"

"Kubweka hawezi, koo lake halikuumbwa hivyo. Lakini si bubu. Akiwa na furaha, au akiachwa peke yake, anatoa sauti. Ndefu, inapanda na kushuka. Mtu asiyemjua anadhani ni binadamu. Mwaka fulani walikuja polisi nyumbani kwa mteja wangu, majirani walisema kuna mwanamke anateswa ndani." Akacheka. "Hujawahi kumsikia?" Kisha akakumbuka anasema na nani, akaona haya.

Bi Nyuzi hakuona ubaya. Alijisikia mwepesi kama aliyetuliwa gunia. Njiani alizungumza na mbwa kwa sauti, watu wakigeuka kumtazama. Kumbe ni wewe, alimwambia. Kumbe ni wewe mjinga unayeimba mlangoni, na mimi roho mkononi.

Alipofika nyumbani alitaka kuhakikisha. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ukimwanzishia, naye huitikia. Basi mwanamke wa miaka sitini na mitatu akapiga magoti sakafuni, akamwekea mbwa kiganja kooni, akainua kichwa akaomboleza kama mwehu. Hakimu alikunja paji. Alipima. Kisha akafungua mdomo kidogo, na Bi Nyuzi akausikia kiganjani: mtetemo mrefu, unapanda, unakatika, unashuka, kama ule wa fremu ya mtambo unapoanza kushika mwendo. Miaka mingapi hajashika sauti. Machozi yakamtoka, naye akacheka, akaomboleza tena, mbwa akaitikia tena.

Aliponyanyua macho mke wa kinyozi alikuwa mlangoni, unyevu wa nguo za kufua bado mikononi.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Nimemkamata mliaji wako. Ni huyu hapa. Msikilize." Akamwanzishia Hakimu, Hakimu akaimba.

Mke wa kinyozi alisikiliza mpaka mwisho. Bi Nyuzi alikuwa akiutazama uso wake akingoja ulegee. Haukulegea.

"Hiyo naijua," mke wa kinyozi alisema. "Hiyo huwa anaitoa asubuhi ukienda kwa dobi. Hata mume wangu anaijua, anasema mbwa wa Bi Nyuzi anafanya mazoezi ya kwaya." Akautazama mlango wa chumba cha nyuma. "Siyo ile."

"Ile ipi?"

"Ile ya saa tisa. Na tena, mama... ile nilianza kuisikia kabla mbwa hajaja. Zamani ilikuwa mara mojamoja, miezi inapita. Tangu nijifungue huyu ndiyo imekuwa kila siku."

Ndipo wakatazamana, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake anajua sauti ile ni ya nani. Hakuna aliyelitamka. Bi Nyuzi alisema tu, "Kesho uje. Saa nane na nusu. Ukae na mimi." Na mke wa kinyozi, ambaye angeweza kusema ana kazi, na kweli alikuwa nayo, akaitikia kwa kichwa.

Siku ya pili alikuja mapema, mtoto amelala mgongoni. Bi Nyuzi aliweka viti viwili vinavyoelekeana, ili asome midomo vizuri. Nje kulikuwa na jua kali, mtu anapita na baiskeli, nguo zimetulia kwenye kamba. Mchana mweupe, wa kawaida kabisa. Bi Nyuzi aliwahi kufikiri kwamba mambo ya kutisha yana saa zake na giza lake. Alikuja kuona kwamba kadiri jua linavyokuwa kali ndivyo mlango uliofungwa unavyozidi kuonekana.

Jua likagusa mguu wa meza. Hakimu akanyanyuka, akaenda kukaa mahali pake. Bi Nyuzi akamfuata, akapiga magoti kando yake, akamwekea kiganja kooni kama jana, akageuza uso kumtazama mwenzake.

Walikaa. Chini ya kiganja palikuwa na pumzi tu, na moyo wa mbwa ukipiga kwa haraka kuliko wa binadamu.

Halafu masikio ya Hakimu yakasogea mbele, yote mawili kwa pamoja. Mikunjo ikajaa pajini. Mwili mzima ukakaza kama uzi uliotiwa mtamboni. Na Bi Nyuzi akaona mke wa kinyozi anaziba mdomo kwa mkono, kisha, akikumbuka kuwa hapo hasomeki, anauondoa.

"Sasa," midomo ilisema. "Sasa hivi. Analia."

Koo la mbwa lilikuwa limetulia tuli. Bi Nyuzi alikandamiza kiganja zaidi. Hakuna. Mbwa hata pumzi alikuwa ameizuia.

"Bado?"

"Bado."

"Anasema neno?"

Mke wa kinyozi alitikisa kichwa kukataa, lakini macho yake yalikubali, na machozi yakaanza kumtiririka. "Mama, nisamehe. Nilikuwa naanika nguo. Nilimsikia tangu mwanzo. Kamba yetu ilikuwa hapo, nyuma ya dirisha lake. Aliita, nikasema mwanawe yupo, mimi mgeni, nitaonekana kimbelembele. Akaita tena. Nikamaliza nguo zote, mama. Ndoo nzima. Ningeweza kuingia."

"Najua," Bi Nyuzi alisema.

"Unajua?"

"Nilikusoma siku ya maziko." Na kwa kuwa lilikuwa limeshatoka, akaliacha lote litoke. "Na mimi nilikuwa hatua sita. Nasugua sufuria."

Mtoto aliamka mgongoni akaanza kulia. Hilo Bi Nyuzi alilijua kwa jinsi mama yake alivyojitikisa kumbembeleza. Hakimu hakugeuka. Bado alikuwa anautazama mlango.

Hapo Bi Nyuzi alipiga moyo konde. Alisimama, akaenda mtungini, akajaza maji kikombe. Ufunguo ulikuwa juu ya kabati, umeshika kutu. Mlango uligoma, mke wa kinyozi akaja akausukuma kwa bega, mtoto na yote. Ndani kulikuwa na joto la miaka, harufu ya pamba na vumbi, viroba mpaka dirishani. Walivivuta kimoja kimoja mpaka ukingo wa kitanda ukaonekana. Bi Nyuzi aliweka kikombe pale, upande ambao mkono ungekifikia.

"Mama," alisema, naye hakujua kama amesema kwa sauti kubwa au ndogo, "nimekuja. Sikukusikia. Nimekuja."

Mke wa kinyozi alisimama nyuma yake amemshika kiuno, kama watu wanaovuka mto. Hakimu alikuwa ameingia kati ya miguu yao. Alinusa kikombe, hakunywa. Akakaa.

Bi Nyuzi hakugeuka kuuliza kama kilio kimekoma. Alifikiri juu ya hilo baadaye, mara nyingi, na akaona kwamba aliogopa majibu yote mawili.

Wiki iliyofuata walikitoa kila kitu mle ndani. Cherehani mbovu ilichukuliwa na fundi. Mke wa kinyozi alideki sakafu mara tatu, kinyozi mwenyewe akaja na nyundo kulifungua dirisha lililokuwa limepigiliwa, akisema kwamba kama wanataka kumpangisha mtu wamwambie, ana mjomba mkorofi anayetafuta chumba. Hawakupangisha. Bi Nyuzi alihamishia meza yake humo, kwa sababu mwanga wake ulikuwa mzuri zaidi kwa kazi ya sindano, na mke wa kinyozi akawa anakuja alasiri kujifunza kurudishia. Alikuwa na mkono mzito mwanzoni. Koti la kwanza alilolirudishia lilipata kovu kubwa kuliko jeraha. Walizungumza mengi, hata ya yule marehemu, ulimi wake mkali na vichekesho vyake. Juu ya kilio, mke wa kinyozi alisema mara moja tu, bila kuulizwa, akiwa ameinamia uzi: "Siku hizi nalala." Bi Nyuzi akamwitikia, "Vizuri," na wakaendelea.

Hakimu akakifanya chumba kile chake. Alijilaza kwenye mraba wa jua, akihama nao kadiri ulivyohama, anajilamba miguu yake myeupe. Saa tisa ilipofika hakuamka tena. Aliiba, alikataa kuitwa, aliimba asubuhi Bi Nyuzi akienda kwa dobi, na mvua ikinyesha alijificha chini ya meza kama mtu mwenye deni na mbingu.

Mwaka mzima ulipita hivyo. Kisha alasiri moja, wote wawili wakiwa wameinamia pindo la gauni, Bi Nyuzi aliguswa goti. Akatazama mlangoni, hapana mtu. Akamtazama mbwa. Hakimu alikuwa amesimama katikati ya chumba, masikio mbele, lakini paji la uso lilikuwa laini, halina mkunjo hata mmoja. Macho yake yalifuata kitu kutoka upande kilipokuwa kitanda, polepole, kwa urefu wa mtu mfupi anayetembea bila haraka. Kilipomfikia, alirudi nyuma hatua mbili, kwa adabu, akapisha.

Mke wa kinyozi alikuwa anatia uzi sindanoni na hakuona.

Bi Nyuzi aliikunja miguu yake chini ya kiti, ili naye asizibe njia.